Sufuria Isiyo na Chumvi

Niliacha kazi asubuhi ya mvua, na ndivyo nilivyotaka. Mpishi wa supu akiaga siku ya jua, nani atamkumbuka? Vijana niliowaachia moto waliniomba niwaandikie tulivyokuwa tunafanya kazi, maana eti nikisimulia kwa mdomo ninazidisha. Basi naandika. Jinsi nilivyopanda kutoka kuosha vyombo hadi kushika jiko sitaieleza, kwa kuwa hadithi hiyo huwafurahisha walionipandisha tu. Nitaeleza supu.

Kazi yangu yote niliifanya mahali pamoja, kwenye kantini ya yadi ya kutengeneza meli, hapa Kisangani ukingoni mwa mto. Wanaume wa yadi huchomea vyuma, hugonga kutu, na huingia ndani ya matishari yaliyovutwa nchi kavu ili wayazibe matundu. Chuma kilicholala nje usiku kucha kina baridi yake. Mvua ikianza alfajiri, mtu anashika nyundo vidole vikiwa vimekufa ganzi, na kabla ya kuulizwa habari za nyumbani anauliza habari za supu.

Alikuja mhandisi mmoja wa Ulaya kufunga mashine ya kuvutia meli. Siku moja mvua ilimkuta, akaingia jikoni akitetemeka, nikampa bakuli. Alikunywa akafumba macho, akanieleza kwamba kwao supu kama ile hunywewa majira ya baridi, theluji ikianguka, na mama yake akisimama mbele ya jiko. Akaniuliza kama sisi hatusikitiki kukosa majira hayo. Nikamwambia tunayo, ila kwetu theluji hufika ikiwa imeshayeyuka. Akacheka mpaka akamwaga, nikamwongezea. Kwa hiyo mkisikia watu wakisema Kisangani hakuna baridi, jueni hawajawahi kugonga chuma asubuhi ya mvua.

Sasa siku yangu ya kwanza. Nilifika nikiwa mwanamke kijana mwenye kiburi cha kutosha, kwa sababu nyumbani kwetu tunajua kupika. Mimi ni mtoto wa Kiislamu wa mji huu, wa zile familia ambazo mababu walifika na biashara, biashara ikaisha, wao wakabaki. Mama yangu alipika futari ambayo hata jirani Mkatoliki aliisubiri mwezi mzima pamoja na sisi. Nilidhani wataniuliza ninajua kupika nini, na majibu nilikuwa nimeyapanga.

Aliyenipokea alikuwa Papa Lokwa, mkuu wa jiko. Alikuwa Mkatoliki wa watu wa mtoni, na kabla ya kuja yadini alipika kwenye meli miaka mingi, hata nchi kavu alitembea kama mtu asiyeiamini sakafu. Alinitazama, akatazama viatu vyangu, akaniuliza swali moja.

“Unakulaka nini, mi hapana kuuliza,” alisema. “Niambie nini haukulaka.”

Nikamwambia nguruwe, na nyama yoyote nisiyojua nani ameichinja. Akaitikia kwa kichwa, akaondoa sufuria ndogo juu ya rafu, akaniambia hiyo itakuwa yangu na mtu mwingine hataigusa. Majibu yangu yote niliyoyapanga nikarudi nayo nyumbani.

Baadaye nilielewa. Papa Lokwa alikuwa amejifunza kwenye meli kwamba mtu akikosa anachopenda atanuna tu, lakini akilishwa asichokula unaweza kuwa umemvunjia nyumba. Yadi yetu ilikuwa na watu wa kila ukoo na kila dini. Huyu hali kambare kwa sababu ya babu yake, yule hamgusi nyani tangu alipozaa mapacha, mwingine mke wake ana mimba na kuna samaki ambao baba naye lazima awaache mpaka mtoto afike. Papa Lokwa aliijua miko hiyo yote kwa kichwa, sura kwa sura. Mgeni akija yadini, kabla meneja hajajua jina lake, jiko lilikuwa limeshajua mwiko wake.

Ndiyo maana tulipika tulivyopika, na naomba msije mkaubadilisha utaratibu huu kwa sababu ya uvivu. Kwanza inapikwa sufuria kubwa tuliyoiita maji ya kwanza: vitunguu, liki, seleri, tangawizi, nyanya kidogo na ndizi mbichi iliyokwanguliwa ili iipe uzito. Humo hamna mwiko wa mtu yeyote. Halafu maji hayo yanagawanywa katika sufuria ndogo, hapa mnaingia samaki, hapa nyama, hapa mboga tu. Chumvi huja mwisho, na hutiwa na mkono mmoja. Wapishi wawili wakitia chumvi kwa kuheshimiana, kila mmoja akidhani mwenzake amesahau, wanaume watakunywa maji ya kisima siku nzima.

Chombo changu cha kwanza kilikuwa kafi. Ndiyo, kafi la mtumbwi, lililokatwa mpini na kulainishwa kwa kipande cha chupa. Papa Lokwa alisema mwiko wa dukani huvunjika ukikutana na ndizi za watu wengi, na kafi lililosukuma mto haliwezi kushindwa na sufuria. Alinifundisha pia kusikiliza. Supu ikichemka kwa kelele ujue moto umekushinda, punguza makaa. Ikinong'ona, iache, kaa chini, kunywa chai yako ya mchaichai. Mwezi wa kwanza nilidhani ananifundisha uvivu.

Sokoni nilikwenda mwenyewe. Liki na karoti nilizinunua kwa Mama Kavira, mwanamke wa Butembo ambaye mzigo wake ulishuka kwa lori kutoka Kivu. Barabara ikiwa matope na lori likizama, supu yetu ilikosa liki, na wanaume wa yadi, ambao hawakujua liki ni nini, walisema kuna kitu kimepotea na pengine serikali inahusika. Mama Kavira alikuwa na ulimi mkali na kibanda kizuri cha mabati. Kibanda hicho kikumbukeni, kitarudi.

Na raha zetu, kwa nini nisizitaje? Kikombe cha maji ya kwanza kinachonywewa kwa kusimama, kabla ya chumvi, mvuke ukikuosha uso. Samaki mongusu wa moshi akikutana na majani machachu ya ngaingai. Lituma, yale madonge ya ndizi zilizopondwa, unalichovya mpaka vidole viungue na bado huachi. Pilipili moja nzima inayoelea bila kupasuka, ikitoa harufu bila ugomvi. Jungu kuu halikosi ukoko, na ukoko wa jikoni kwetu ulikuwa na wenyewe: mimi na Papa Lokwa, mlango ukiwa umefungwa.

Sasa nifike kwa Papa Ilanga, kwa sababu ndiye mliyeniulizia zaidi, na kila mmoja wenu amesikia hadithi yake kwa namna yake.

Ilanga alikuwa mchomea vyuma, fundi mzuri, mpole, mtu wa kusema “asante” kwa upawa. Mke wake alikwenda kumtazama mama yake Isangi, kule mto unakoteremkia, pamoja na binti yao mdogo, Sifa. Huko akaugua, akafa. Ilanga alifika akakuta wanamsubiri yeye tu ili wazike. Baada ya mazishi wakwe walimweleza desturi ya ukoo wao. Mjane, awe mwanamke au mwanamume, hali chumvi mpaka upande wa marehemu umwite na kumtilia chumvi kwa mkono wao. Siku hiyo huulizwa mbele ya watu kama chumvi imepita kinywani mwake. Ikiwa imepita, kilio kinaanza upya. Na mpaka kilio kiishe, Sifa angebaki kwa bibi yake.

Alirudi kazini mvua zikiwa zimeanza. Siku ya kwanza alikaa pembeni na kipande cha muhogo mkavu, akisema hana njaa. Mtu mzima anayekaa siku nzima na mashine ya kuchomea, juu ya ubavu wa meli, mvua ikimpiga, hana njaa? Papa Lokwa alimwita jikoni akamuuliza swali lake lilelile. Ilanga akajibu kwa neno moja.

Papa Lokwa akaondoa sufuria nyingine juu ya rafu. Akaniambia, “Zaituni, hii iko yako. Ile huruma ya kupika supu na kusahau chumvi, sitaki. Pika supu yenye haiiti chumvi.”

Vijana, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizopewa, na naisema bila kujishusha: niliiweza. Wiki ya kwanza nilipika vitu ambavyo hata bata wa yadi waliviacha. Chumvi ukiitoa, kila kiungo kinaonyesha tabia yake halisi. Nyanya inakuwa maji, samaki anakuwa tope. Nikaanza kujifunza. Ngaingai nyingi, kwa sababu uchachu hushika ulimi mahali palepale chumvi inapopenda kukaa. Tangawizi ipondwe, isikatwe. Vitunguu viungue kidogo kwenye mafuta ya mawese mpaka viwe vitamu. Samaki wa moshi, lakini wa kwetu aliyekaushwa kwa moto mtupu, siyo makayabu, maana makayabu ni chumvi iliyovaa samaki. Mwishoni ndimu, na pilipili mbili. Siku moja Ilanga alimaliza bakuli akalileta liongezwe.

Washauri hawakukosa. Fundi mmoja wa injini alikuja kunong'ona kwamba wazee wa kwao hutengeneza chumvi ya majivu, unachoma majani ya mtoni, unachuja, na kwa kuwa haitoki dukani labda haihesabiki. Lilikuwa wazo la akili, na mimi nilikuwa tayari kulisikiliza. Papa Lokwa akasema hapana. Mwiko ni wa watu, na wenye nao ndio wanaojua mpaka wake. Kama tunataka kujua kuhusu majivu, twende Isangi tukaulize, tusikae jikoni tukajipa ruhusa ya kitu cha wengine. Fundi akaondoka na majivu yake.

Tukaenda hivyo msimu mzima. Ilanga alipata nguvu. Jumamosi alitengeneza kitu kidogo kwa mabaki ya waya, kitanda cha mwanasesere, akakipaka rangi ya meli. Neno lilikuja kutoka Isangi kwamba wataanza kuongea juu ya siku ya kumwita. Yadi nzima ilifurahi kama vile kila mtu ana binti kule.

Asubuhi ninayotaka kuieleza, mimi sikuwepo. Nilikuwa nimekwama sokoni, chini ya mabati ya Mama Kavira, mvua ikiwa nzito hata mtu hawezi kuvuka barabara. Yeye alikuwa ananitania kwamba Waislamu wa Kisangani wanaogopa maji kuliko paka. Nikacheka. Asiyekuwepo na lake halipo. Jikoni, Papa Lokwa aliona saa inafika, akaishika mwenyewe sufuria ya Ilanga. Alifuata yote niliyokuwa nafanya, kwa sababu alikuwa ameniangalia. Ngaingai, tangawizi, samaki. Bakuli la chumvi alilisukuma mbali kabisa, hata akalifunika.

Halafu akatupa kube.

Mnajua ninachosema, kale kaungo kadogo ka mraba ndani ya karatasi inayong'aa. Hakuna mwanamke Kisangani anayeifikiria kube kuwa ni chumvi. Chumvi ni ile iliyo kwenye bakuli. Kube ni harufu, ni heshima kwa mgeni, ni kitu ambacho mkono wa mpishi hukirusha wenyewe huku kichwa kikiongea habari nyingine. Papa Lokwa alikuwa amerusha kube kwenye sufuria tangu meli zikienda kwa kuni. Mimi mwenyewe, wiki ile ya kwanza, nilifunga kube zote kwenye kopo na kuliweka juu kabisa, kwa sababu niliujua mkono wangu. Yeye alikuwa mrefu kuliko mimi. Kwake juu kabisa palikuwa mbele ya macho.

Niliingia nikiwa nimelowa. Ilanga alikuwa ameshika kijiko karibu na bakuli. Alikuwa amemeza mara moja.

“Papa Lokwa,” alisema polepole, “hii supu iko na chumvi.”

Papa Lokwa akasema haiwezekani, akachukua kijiko akaonja. Nilimwona akitafuta. Kisha akageuka na kutazama karatasi ile inayong'aa iliyokuwa bado juu ya meza, na uso wake ukasawijika. Sijawahi kumwona mtu mkubwa akiwa mdogo haraka namna ile, na iliniuma mpaka leo inaniuma.

Wenzake walikimbilia kumfariji Ilanga. Hakujua, kwa hiyo haihesabiki. Ni kijiko kimoja. Ni kube, siyo chumvi. Isangi ni mbali, nani atawaambia? Ilanga aliwasikiliza wote, akasema watamwuliza mbele ya mama aliyemzaa mke wake, na yeye hawezi kumdanganya mama yule. Akainuka akarudi kwenye meli, tumbo tupu, mvua ikiendelea. Sote tulijua maana yake. Sifa angekaa kule msimu mwingine mzima, na mtoto wa umri ule, msimu mmoja unatosha kuisahau sura ya baba.

Papa Lokwa aliosha vyombo vyote mwenyewe. Halafu akaniambia nitafute sufuria yenye mfuniko unaofunga vizuri. Tunakwenda Isangi.

Tuliondoka kwa boti ya mbao, sisi watatu, kati ya magunia na mbuzi wa watu. Meneja alitupa ruhusa, na kwa heshima yake siongezi neno. Mvua ilitupiga mpaka Yangambi, ndipo ikachoka. Ilanga alikuwa na kile kitanda cha waya magotini. Papa Lokwa alikaa mbele, na mimi nilikaa na sufuria, ngaingai na samaki wangu, sijui kwa nini, ila mpishi asipojua la kufanya hubeba chakula.

Tulifika jua bado lipo. Mama mkwe, ambaye kila mtu alimwita Koko Bernadette, yaani Bibi, alitupokea uani kwake, wajomba wawili wakiwa kando. Alikuwa mama mfupi, mkavu, mwenye macho ya mtu aliyemaliza machozi. Sifa alikuwa nyuma ya kanga yake. Alimtazama baba yake kama unavyomtazama mtu uliyewahi kumwona mahali.

Papa Lokwa hakungoja maji ya kunywa. Alisimama, akavua kofia, akasema kwamba chumvi imepita kinywani mwa mkwe wao, na imetoka mkononi mwake yeye Lokwa, mpishi, mzee aliyepaswa kujua. Kama kuna kilio cha kuanza upya, basi wamhesabie yeye. Ataacha chumvi yeye, msimu mzima au miwili, na mtoto arudi kwa baba yake.

Wajomba wakatazamana. Koko Bernadette akasema kilio si mzigo wa sokoni, mtu hawezi kukibebea mwingine. Halafu akauliza Ilanga amekuwa akila nini muda wote. Nikasema, nimekuja nacho. Akanionyesha jiko lake.

Nikapika. Nilipika kama nilivyopika kila asubuhi, na nakiri nilikuwa na uhakika. Nilijisemea, mama huyu akionja, ataelewa tumemtunza mkwe wake. Nikampelekea bakuli kwa mikono miwili. Alikunywa kidogo. Akanywa tena, kwa muda mrefu. Akaliweka chini, na sauti yake ilikuwa baridi.

“Hii iko tamu,” alisema. “Bon. Mutoto wangu iko ndani ya udongo, na bwana yake anakulaka utamu. Ile ni kilio gani?”

Kumbe nimekuja na sufuria kumshtaki mtu niliyetaka kumsaidia. Nilijaribu kusema kwamba mvua ilikuwa kali, kwamba anapanda juu ya meli na moto mkononi, kwamba nilitaka wamkute hai siku watakapomwita. Papa Lokwa naye akafungua mdomo. Lakini Ilanga akainua mkono, akatuomba tukae.

“Mama,” alimwambia mkwe wake, “iko tamu, ni kweli. Mama Zaituni anajua kazi. Lakini kila kijiko, utamu unafika, unafika, halafu kitu kimoja kinakosa. Kila siku ni kile kimoja tu. Na mi najua juu ya nini kinakosa: ni juu ya mutoto wako. Kama supu ilikuwa mubaya, ningekula tu, ningesahau.”

Koko Bernadette alichukua tena bakuli, akanywa mara ya tatu, na safari hii alikuwa anatafuta. Nilimwona alipofika mahali pale, pale kitu kinapokosekana. Akanywa mpaka mwisho, kisha akalia, na mimi nikalia, na Papa Lokwa akavaa kofia yake ili tusimwone.

Kuhusu kube, alisema mtu aliyeweka kijiko chini, mvua ikinyesha na njaa ikiuma, na nani angemwona, huyo hakuvunja kitu. Wajomba walitaka kuongea zaidi, kama wajomba wote. Akawaambia aliyemzaa marehemu ni yeye. Akaingia ndani, akatoka na chumvi kwenye kiganja, akatia kidogo tu katika bakuli jipya, chembe unazoweza kuzitaja majina, akakoroga kwa kidole chake, akampa.

Ilanga alionja. Macho yakamtoka.

“Iko mingi,” alisema.

Koko Bernadette akacheka, kicheko chenye kutu, cha muda mrefu bila kazi. Sifa aliposikia bibi yake anacheka akatoka nyuma ya kanga, akaja akaangalia bakuli, akaangalia kitanda cha waya, akaamua. Alikaa kwenye goti la baba yake na kuinywa ile supu yote, bila kumbakizia baba hata ya kuonja.

Tulirudi Kisangani wanne. Hadithi za yadi husema kwamba tangu siku ile Papa Lokwa hakutumia tena kube. Si kweli. Aliitumia mpaka mwisho, ila kila alipofungua karatasi alisema kwa sauti, “Chumvi,” na wasaidizi wapya walidhani mzee amechanganyikiwa. Mnaponisikia nami nasema hivyo jikoni, sasa mnajua ninamwiga nani.

Miaka ikapita, nami nikashika kafi. Papa Lokwa alifariki msimu wa mvua kwa uzee, katika kitanda chake, akiwa amekula. Siku ya kumzika kazi haikusimama, kwa kuwa kulikuwa na meli iliyopaswa kurudi majini, na wanaume waliotoka makaburini walikuja moja kwa moja kantini wakiwa wamelowa mpaka mifupani. Niligawa supu. Nilikuwa nimeweka ngaingai, tangawizi, samaki wa moshi, ndimu. Sikuwa nimeiambia yadi kitu chochote, na mimi si wa ukoo wa Papa Lokwa.

Wale wapya walionja, wakatazamana. Kijana mmoja akanyoosha mkono kulichukua bakuli la chumvi lililokuwa katikati ya meza. Ilanga, nywele zake zikiwa nyeupe tayari, alikuwa ameshakunywa kijiko chake cha kwanza, na alikuwa amekaa ameinamisha kichwa. Akaweka kiganja juu ya lile bakuli.

“Leo hapana,” akamwambia, na akaendelea kunywa.